Kodi imepanda na benefiti haitoshi: ulipe kimya, upinge, uchukue lodja, au uhame? Tuzipime mbili mbili

Ijumaa iliyopita dada mmoja wa kwetu alinionyesha meseji kwenye simu yake, landlodi anamwambia kodi inatoka pauni 875 inakwenda 975 kuanzia tarehe moja mwezi ujao, halafu chini kaandika asante. Huyu dada ana watoto wawili, anafanya usafi masaa machache kwa wiki, anapata Universal Credit (UC, benefiti ya serikali kwa wenye kipato kidogo), na tayari kila mwezi anaongezea pauni 100 za mfukoni kwa sababu UC inamlipia nyumba pauni 775 basi. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu, hamsini apunguze kwenye chakula, hamsini apunguze kwenye hela anayomtumia mama yake Tanga. Na kila aliyemuuliza kamwambia neno lile lile, lipa dada, usilete maneno, mwenye nyumba atakutoa.

Ushauri huo na mimi niliufuata, miezi 14 nalipa kimya, ikaishia kwenye deni la gesi na umeme ambalo nililimaliza kwa shida sana, kwa hiyo nikiandika hapa naandika kwa uchungu. Waliokuwa wanatuambia "lipa tu" hawakuwa wabaya wala wajinga. Zamani ilikuwa kweli, kulikuwa na kifungu cha 21, landlodi anakupa notisi ya miezi miwili bila kueleza sababu yoyote na unatoka, sasa nani angethubutu kubishana naye kuhusu pauni 50? Lakini tangu tarehe 1 Mei 2026 hicho kifungu kimefutwa England na sheria mpya ya wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025. Ushauri wa zamani bado unatembea kwenye misiba na harusi zetu wakati sheria iliyouzaa haipo tena, ndo maana nataka tuzipime njia upya.

Nazungumzia England. Mambo ya UC, kiwango cha nyumba na kikomo cha benefiti ni yale yale Wales na Scotland, ila sheria za kupandisha kodi kule ni nyingine. Na kama unakaa chumba ndani ya nyumba ambayo landlodi mwenyewe anaishi humo humo, mengi ya haya ya kupinga kodi hayakuhusu, watu wengi wanaofika wanaanzia maisha ya hivyo kwa jamaa na wanadhani wana ulinzi kama wa mpangaji wa kawaida, hawana.

Kwanza lijue pengo lako

Hapa ndo watu wanaruka, wanakimbilia kutafuta nyumba nyingine kabla hawajajua tatizo ni lipi.

UC kwa mpangaji wa mtu binafsi inalipa kwa kiwango kinachoitwa LHA (Local Housing Allowance). Serikali imegawa nchi maeneo maeneo, wanaangalia kodi za nyumba za chumba kimoja, viwili, vitatu, mpaka vinne, halafu wanachukua bei ambayo nyumba 30 kati ya 100 zinapatikana kwa bei hiyo au chini yake. Kabla ya 2011 walikuwa wanachukua bei ya katikati kabisa, nusu kwa nusu, wakaishusha. Halafu viwango tunavyotumia sasa viliwekwa Aprili 2024 kwa kodi zilizokusanywa mpaka Septemba 2023, na tangu hapo havijasogezwa, si 2025 si 2026. Yaani unalipa kodi ya 2026 kwa benefiti iliyopimwa kwa bei za 2023! Kwa hiyo yeyote anayekwambia hujui kupanga bajeti mwambie na serikali nayo isogeze kalenda yake.

Idadi ya vyumba wanaihesabu wao wenyewe: mtu na mwenzi wake chumba kimoja, kila mwenye miaka 16 na kuendelea chumba chake, watoto wawili wa jinsia moja chini ya 16 wanalala pamoja, na wawili chini ya miaka 10 wanalala pamoja hata kama mmoja wa kiume mwingine wa kike. Sasa angalia hili, mtoto wa kike akitimiza miaka 10 na kaka yake yupo, unaweza ukawa na haki ya chumba cha ziada na LHA ikapanda bila wewe kuhama, na kuna watu hawajui wanakaa mwaka mzima. Kijana asiye na mtoto wala mwenzi, chini ya miaka 35, wengi wao wanapewa kiwango cha chumba cha kushea tu.

Basi pengo linaweza kuwa la aina tatu. Kodi yako bado ipo chini ya LHA, mfano unalipa 700 na LHA ni 775, kodi ikipanda kuwa 800 UC itakuongezea 75 na wewe pengo lako ni 25 tu, hapo kazi yako kubwa ni kuripoti kodi mpya kwenye akaunti yako ya UC kabla kipindi chako cha hesabu hakijaisha, ukichelewa bila sababu nzuri hela ya kipindi kile imekwenda. Aina ya pili ni kama ya huyu dada, kodi imeshapita LHA, kila pauni inayoongezeka ni ya mfukoni, UC haiongezi hata senti. Ya tatu ndo inachanganya zaidi, ni kikomo cha benefiti: jumla ya UC yako pamoja na child benefit hairuhusiwi kuzidi pauni 1,835 kwa mwezi kwa familia nje ya London, au 2,110 na senti kidogo ndani ya London. Mwenye kugonga kikomo hata LHA ikipandishwa kesho yeye haoni kitu.

Chukua karatasi andika wewe ni aina gani. Njia inayomfaa mmoja inaweza kumtia hasara mwingine.

Kulipa kimya, au kumwandikia landlodi

Kulipa kimya kuna faida moja, amani ya muda. Kama pengo ni pauni 20 na unajua mwezi wa tatu unaanza kazi mpya, lipa, sitakulaumu. Lakini kuna kitu kimejificha: ukianza kulipa kodi mpya bila kusema kitu, inaweza kuonekana umeikubali, na inakuwa vigumu zaidi kubishana baadaye.

Na notisi mara nyingi haiwi sahihi. Sheria ya sasa inasema landlodi anapandisha kodi kwa njia moja tu, kifungu cha 13, kwa fomu rasmi, mara moja kwa mwaka, na lazima akupe miezi miwili kamili. Ile meseji ya huyu dada yetu yenye "mwezi ujao" na asante yake si notisi. Na hata mkataba ukiwa umeandika kwamba kodi itapanda kila mwaka kwa asilimia fulani, sehemu hiyo haina nguvu tena.

Kumwandikia hakumaanishi kugombana naye. Unamwambia kwa adabu, nimepata meseji yako, nimekaa hapa miaka mitano sijawahi kuchelewesha, naomba notisi rasmi kama unataka kuongeza, ila pia nipo tayari kuzungumza, kiwango changu cha nyumba ni hiki na sikiongezi mimi, naweza kufika pauni kadhaa. Weka namba. Landlodi ukimwambia "maisha magumu" hana cha kujibu, ukimwambia "naweza 900 kuanzia Septemba kwa mwaka mzima" ana kitu cha kupima, maana na yeye ukitoka ana mwezi au zaidi nyumba ipo tupu, atalipa wakala, atapaka rangi. Mimi mara ya pili kupandishiwa kodi niliomba hivyo, alitaka 120 tukaishia 60. Si ushindi mkubwa lakini 60 kwa miezi 12 ni pauni 720, hiyo ni baridi nzima ya gesi.

Kati ya hizi mbili, kwa mtu wa pengo aina ya pili au ya tatu, andika. Siku hizi sioni sababu ya kutoandika.

Makubaliano, au kwenda tribunali

Mkishindwa kuelewana na notisi rasmi imekuja, kuna tribunali, wanaiita First-tier Tribunal. Lazima uombe kabla ya ile tarehe kodi mpya inayotakiwa kuanza. Ikipita umekwisha, hakuna kujieleza, kwa hiyo notisi ikifika tu ibandike kwenye friji uandike tarehe kwa kalamu nyekundu.

Zamani tulikuwa tunaogopa tribunali kwa sababu wangeweza kukupandishia zaidi ya alichoomba landlodi. Hilo limeondolewa, sasa hawaruhusiwi kuzidisha alichoomba. Zamani pia kodi mpya ilikuwa inahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye notisi, unatoka pale na deni la miezi, sasa inaanza kuanzia siku wanapoamua, na kama utaumia sana wanaweza kuisogeza mpaka miezi miwili mbele. Maana yake hata ukishindwa umepata muda, na wakati unasubiri unalipa kodi ya zamani.

Ila jambo hili lazima nilikazie kwa sababu watu wanakwenda pale wakiwa wamebeba barua za daktari na statementi za benki: tribunali haiangalii kipato chako. Swali lao ni moja, nyumba kama hii, mtaa huu, katika hali hii, ingepangishwa sokoni kwa bei gani. Kama landlodi kaomba 975 na nyumba zote za jirani ni 1,050, utashindwa hata kama huna senti. Lakini kama nyumba ina ukungu ukutani, boila inazimika, jiko limechoka, piga picha zenye tarehe, tafuta matangazo matano sita ya nyumba za ukubwa ule karibu na pale, zenye hali nzuri zaidi kwa bei ile ile au ya chini, hizo ndo hoja zinazosikika pale.

Kwa hiyo tribunali ni dawa ya kodi isiyo ya haki kwa soko. Kama kodi ni ya haki kwa soko na shida ni LHA yako imebaki nyuma, tribunali itakupa muda tu, dawa ipo kwingine. Makubaliano yana faida kwamba mnaweza kuangalia hali yako kama binadamu, hayafuati soko. Mimi ningeanza na makubaliano huku fomu ya tribunali ipo mezani imeshajazwa, na kama tarehe inakaribia na hajajibu naituma, sisubiri ahadi.

Na hili ni la kila mtu, hata yule mwenye viza isiyoruhusu fedha za umma. Tribunali na sheria ya kupandisha kodi si benefiti, ni haki ya mpangaji. UC, housing benefit na msaada wa kukosa makazi wa kaunsili ndo fedha za umma, hizo mwenye masharti kwenye viza yake asiguse kabla hajaongea na mshauri wa uhamiaji mwenye kibali, maana kosa hapo linaharibu karatasi zako za miaka ijayo.

Hela ya kaunsili, au kuongeza masaa ya kazi

Kaunsili wana mfuko wa kumsaidia mtu ambaye benefiti ya nyumba haifiki. Tuliuzoea kwa jina la DHP (Discretionary Housing Payment). Wales na Scotland bado ni DHP, England kuanzia Aprili 2026 umeingizwa ndani ya mfuko mpya wa Crisis and Resilience Fund, jina limebadilika lakini unaomba kwa kaunsili yako vile vile. Uzuri wake ni kwamba haupunguzi UC yako na unaweza kuziba pengo lote kwa miezi kadhaa. Ubaya wake, si haki yako kisheria, wanaamua wao, mfuko una mwisho, na karibu kila mara watakuuliza, sawa tukikupa miezi sita, baada ya hapo utafanya nini? Ukijibu "sijui" umejiharibia. Ukijibu natafuta nyumba ndogo, au mtoto anaanza nasari Januari nitaongeza masaa, au nasubiri uamuzi wa PIP (benefiti ya ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu), wanaona mfuko unakuvusha mahali.

Kwenye fomu ya matumizi watu wetu wana aibu. Wanaandika chakula pauni 120 kwa mwezi kwa watu wanne ili waonekane si wafujaji, matokeo yake karatasi inaonyesha wanabakiwa na hela, wananyimwa. Andika ukweli wote, nyama unayonunua, nepi, basi la shule, simu, sadaka. Hela ya kutuma nyumbani iandike pia, huenda wasiikubali kama matumizi ya lazima, lakini usiifiche, statementi ya benki wataiona.

Sasa kuongeza masaa. Hapa hesabu ni muhimu kuliko moyo wa kujituma. Ukishapita kile kiasi cha mshahara ambacho UC hawakigusi (wenye watoto au wenye ugonjwa unaopunguza uwezo wa kazi ndo wanacho), kila pauni unayoingiza UC inakatwa senti 55, unabaki na 45. Kuziba pengo la pauni 100 unahitaji kuingiza kama 222 kwa mwezi, kwa mshahara wa chini wa pauni 12.71 kwa saa hayo ni kama masaa 17 na nusu kwa mwezi, kama manne kwa wiki. Pengo la 200 ni manane kwa wiki. Inawezekana kwa mtu ambaye mtoto yupo shule na kazi ipo karibu, ila toa nauli, toa punguzo la council tax (kodi ya kaunsili) ambalo linaweza kushuka na wewe ukipanda, ndo uone kinachobaki. Kulea watoto UC inarudisha mpaka asilimia 85 ya gharama, na hilo wengi hawaombi, wanamlipa jirani keshi, wakati mlezi lazima awe amesajiliwa ndo urudishiwe.

Kwa mwenye kikomo cha benefiti hadithi ni tofauti kabisa. Kwake masaa 16 kwa wiki kwa mshahara wa chini, kama pauni 881 kwa mwezi, yanaondoa kikomo chote, na wawili wakiwa wanandoa mishahara yao inajumlishwa. Nimemuona mama wa watoto wanne alikuwa anakatwa mia tatu na kitu kila mwezi, akapata kazi ya dina ledi shuleni masaa 16, kikomo kikaondoka siku ile ile ya hesabu, kodi ikalipika. Kikomo kinaondoka pia kama wewe, mwenzi wako au mtoto wako anapata PIP au DLA (DLA ni benefiti ya ulemavu, na ndo wanayoombewa watoto), au nyongeza ya UC ya kumlea mgonjwa, na katika jamii yetu kuna watoto wengi wenye mahitaji maalumu ambao wazazi hawajawaombea DLA kwa kuogopa jina. Muombee. Ni haki ya mtoto na inafungua na mlango wa nyumba.

Kwa hiyo: kikomo, chagua kazi au DLA kwanza. Pengo la kawaida lenye mwisho unaoonekana, mfuko wa kaunsili kwanza na masaa baadaye. Pengo lisilo na mwisho, omba mfuko lakini anza siku hiyo hiyo kutafuta jawabu lingine.

Lodja, au mtoto mkubwa achangie

Nitapita haraka. Kama una chumba, hela ya lodja (mtu unayempangisha chumba ndani ya nyumba yako) UC hawaihesabu kabisa kama kipato, akikulipa 400 ni 400 yako. Watu hawaamini mpaka wasome wenyewe. Lakini omba ruhusa ya landlodi kwa maandishi, maana watu wasio familia moja wakizidi nyumba inaweza kuhitaji leseni na kosa litaangukia wote. Kama ulikuwa mtu mzima pekee ndani, lodja akiingia unapoteza punguzo la asilimia 25 la council tax. Ukiwa kwenye nyumba ya kaunsili au housing association chumba cha lodja kinahesabika cha ziada, unakatwa asilimia 14 ya kodi kwenye benefiti, viwili au zaidi 25. Na kama una mabinti wadogo ndani, hela si kila kitu, hapo hakuna kikokotoo kitakachokusaidia.

Mtoto akishafika miaka 21 na bado yupo kwako, UC inampa chumba kwenye hesabu lakini inakata pauni tisini na kitu kwa mwezi wakitegemea anachangia, awe anachangia au hachangii. Basi achangie. Mwite umwonyeshe karatasi, hawa watoto wakiona namba kwa macho yao wanaelewa kuliko tukilalamika jikoni.

Kuhama mwenyewe, au kwenda kaunsili kusema nakaribia kukosa makazi

Kuhama kunasikika rahisi mpaka uweke hesabu. Nyumba ya pauni 1,000 kwa mwezi, diposit inaweza kuwa mpaka wiki tano, hiyo ni kama 1,153, na mwezi wa kwanza 1,000, umeshafika 2,150 hujakodi gari. Afadhali sasa sheria imekataza kudai zaidi ya mwezi mmoja wa mbele, watu wetu walikuwa wanadaiwa miezi sita kwa sababu hawana mdhamini, na imekataza mawakala kupokea bei iliyozidi tangazo, na kukataa mtu kwa sababu ana watoto au anapata benefiti. Ukitaka kuhama mji wa bei nafuu angalia LHA ya kule kwanza kwa posta kodi, maana na yenyewe inashuka, unaweza kuhama umbali wote huo ukakuta pengo lile lile limekusubiri. Halafu pima visivyo na bei: madrasa, kanisa, bibi anayechukua watoto shule, duka la unga na samaki wakavu, ile sauti ya Kiswahili mlangoni. Mtu anayehama peke yake na watoto kwenda mji ambao hamjui mtu analipa kodi nyingine kabisa.

Njia ya kaunsili watu wanaiogopa na wanaichelewesha. Tangu Aprili 2018 kaunsili za England zina wajibu wa kusaidia kuzuia usipoteze nyumba, si kukusubiri utolewe, ukiwa unakaribia kukosa makazi ndani ya siku 56. Wanatakiwa kukuandikia mpango, kuongea na landlodi, kukusaidia diposit. Na nyumba ambayo huwezi kuilipa bila kula hela ya chakula inaweza kuhesabika kuwa si nyumba inayofaa uendelee kukaa. Kuna kesi ya Samuels na halmashauri ya jiji la Birmingham, Mahakama ya Juu waliamua Juni 2019. Mama wa watoto wanne, kodi 700, benefiti ya nyumba 548 na senti, pengo pauni 151 na senti kila mwezi, akaingia kwenye deni akaondoka, kaunsili wakasema amejitakia kukosa makazi kwa sababu angeweza kubana matumizi. Mahakama ikasema hapana, huwezi kumwambia mtu azibe pengo la kodi kwa benefiti za kumlisha yeye na watoto bila kuangalia mahitaji yao halisi. Ukienda kaunsili beba karatasi yako ya matumizi na uitaje hiyo kesi kwa jina.

Ila kosa moja usilifanye, usirudishe funguo kabla hujaongea nao na kupata jibu kwa maandishi. Usitoke kwa sababu landlodi kakutisha kwa simu. Kwa sasa deni la kodi linalomlazimisha jaji akutoe ni la miezi mitatu, na notisi yake ni wiki nne. Kama anataka kuuza au kuingia mwenyewe ni miezi minne na si ndani ya mwaka wa kwanza. Ubaya wa njia hii ni wa kweli na sitaufunika, unaweza kuwekwa hoteli au chumba kimoja mbali na shule kwa muda mrefu, kwa hiyo ni njia ya mtu ambaye nyumba kweli haishikiki, lakini ule msaada wa kuzuia uombe mapema, hata kama unategemea kubaki pale pale.

Deni likiwa limeshaanza, kabla ya kuchagua lolote kati ya haya nenda Citizens Advice au mshauri wa madeni uombe Breathing Space, siku 60 wadai hawakusumbui na deni la kodi la nyuma linaingia humo, ila ya mwezi mpya lazima uendelee kulipa. Shelter nao wanashauri bure na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili, usione haya, lugha ya sheria hata waliozaliwa hapa inawashinda.

Huyu dada kachagua nini

Tulikaa naye Jumapili mchana, watoto wanacheza. Tuliangalia vyumba kwanza: binti yake anatimiza miaka 10 Novemba na mdogo wake ni wa kiume, kwa hiyo kuanzia hapo ana haki ya kiwango cha vyumba vitatu. Nyumba yake ina vyumba viwili na kabati kubwa wanaloita bokisi rumu, lakini kiwango wanakiangalia kwa watu waliomo. Hiyo peke yake ikamgeuzia hesabu, pengo lake si la milele, ni la miezi.

Akamwandikia landlodi pale pale kwamba meseji si notisi, na kwamba yuko tayari kwa 900. Akaomba mfuko wa kaunsili mpaka Novemba, kwenye swali la "baada ya hapo" akaandika siku ya kuzaliwa ya binti. Masaa tumeyaacha kwanza, kwa sababu mgongo unamsumbua. Hela ya mama Tanga hakuigusa.

Landlodi kajibu Jumanne, anasema atafikiria. Fomu ya tribunali tumeiprinti, ipo kwenye droo ya jikoni pamoja na picha za ukungu wa bafuni.